Mdundo Umfuate Mtoto

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapokabidhiwa ngoma kwa mara ya kwanza, watu wengi humtazama mikono. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humtazama miguu. Nyayo zikiwa zinaning'inia, au makalio yameteleza hadi ukingoni mwa kiti, mwili mzima unahangaika kujizuia usianguke na mkono haubakiwi na nguvu ya kupiga chochote. Nyayo zikigusa chini, magoti yakakunjika sawasawa na mgongo ukapata egemeo, mkono uleule uliokuwa ukirukaruka huanza kulenga. Ndiyo maana tiba ya muziki kwa mtoto huyu huanzia kwenye kiti, kabla hata wimbo haujachaguliwa.

Kigonsera, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, hapana uhaba wa muziki. Misheni ya Wabenediktini iliyofunguliwa hapo mwaka 1899 ilikuja na nyimbo zake za ibada ikakuta Wamatengo na Wangoni wana ngoma zao. Kuelekea Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wanaume hucheza mganda na akina mama hucheza kioda. Lizombe nayo inasikika mkoani kote, harusini na kwenye sherehe za serikali. Kinachokosekana ni mtaalamu aliyesomea kuugeuza muziki huo kuwa tiba. Watu wa aina hiyo ni adimu Tanzania nzima, sembuse Mbinga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yao inaweza kufanywa na mama, baba, bibi au kaka wa mtoto, alimradi waelewe wanachokifanya na wapate mtu wa kuwaelekeza pale mwili wa mtoto unapokuwa na mambo yasiyoonekana kwa macho.

Mtindio wa ubongo ni matokeo ya ubongo kuumia au kutokua sawasawa kabla mtoto hajazaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai wake. Mtoto aliyechelewa kupumua baada ya kuzaliwa, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyepata manjano kali ya siku za mwanzo bila kutibiwa, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, wote wako hatarini. Nchini Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2015, wakawachunguza watoto zaidi ya 31,000 na kukuta takriban 3 kati ya kila 1,000 wana hali hii. Hakuna sababu ya kudhani kwamba vijiji vya Mbinga vina watoto wachache zaidi. Wapo, na baadhi yao wanakaa vyumba vya ndani kwa sababu ukoo umeambiwa kwamba mama alivunja mwiko au kwamba kuna jirani mwenye kijicho. Mama huyo hakufanya kosa lolote, na aliyebaki kumnyooshea kidole anamnyang'anya mtoto mtu wa kwanza ambaye angeweza kumsaidia.

Watafiti hao wa Uganda walirudi baadaye kuwafuatilia watoto waliowaona. Waligundua kwamba watoto wenye mtindio walikuwa wanafariki kwa kiwango kikubwa kupita wenzao wa rika moja, hasa wenye ulemavu mkali na utapiamlo. Taarifa hiyo inapaswa kukaa mbele ya kila ushauri kuhusu ngoma na nyimbo. Mtoto asiyeshiba, anayepaliwa kila anapolishwa au mwenye degedege lisilotibiwa anahitaji zahanati kabla ya kayamba.

Je, muziki unafanya nini hasa? Haurudishi sehemu ya ubongo iliyoumia. Mtu anayeomba pesa akiahidi kuponya mtindio kwa nyimbo, mafuta au kitu kingine chochote anawaibia wazazi. Lakini sikio na misuli vina njia fupi ya kuwasiliana, na mdundo unaorudi kwa nafasi sawa huuambia mwili mapema ni lini tendo linalofuata litatakiwa. Misuli hujiandaa kabla. Mtoto ambaye akiamriwa "inua mguu" hukakamaa mwili mzima, anaweza kuuinua kwa utulivu zaidi pigo la ngoma likimwambia saa yake imefika. Michael Thaut, mwanamuziki na mtafiti aliyefanya kazi Colorado, Marekani, alijenga njia nzima ya tiba juu ya jambo hilo kuanzia miaka ya 1990.

Mwaka 2007 mtafiti Eunmi Kwak alichapisha jaribio alilolifanya kwa vijana na watoto 25 wenye mtindio wa aina ya misuli iliyokaza, waliofanya mazoezi ya kutembea kwa wiki tatu. Baadhi walitembea kwa mdundo pamoja na mtaalamu, wengine wakafanya hivyo peke yao. Waliokuwa na mtu pembeni ndio walioongeza urefu wa hatua na kasi kwa kiasi kinachoonekana; waliofanya peke yao hawakufika hapo. Ni kikundi kidogo na si neno la mwisho, lakini kwa mzazi wa Kigonsera ujumbe wake ni wa manufaa sana: kumwekea mtoto redio au simu na kwenda shambani si tiba. Redio itamburudisha, na burudani ni haki yake. Tiba inaanza pale mtu anapokaa mbele yake, akamtazama, na kuubadilisha muziki kufuatana na anachokiona.

Hilo ndilo walilolifanya Paul Nordoff, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, walipoanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959 katika kituo cha Sunfield huko Uingereza. Nordoff alikaa kwenye piano. Mtoto akilia, alicheza kwa kuufuata mlio wake; mtoto akigonga ngoma mara mbili akanyamaza, piano nayo iligonga mara mbili na kungoja. Watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawawezi kuwasiliana na mtu walianza kujibu. Piano haipo kwenye nyumba nyingi za Umatengo, na wala haihitajiki. Kinachohitajika ni ile tabia ya kumfuata mtoto kwanza, kisha kumvuta taratibu.

Kosa linalofanywa na wapigaji wazuri ni kupiga kwa mwendo wao wenyewe. Kwa mtoto anayetembea, hata kwa kushikwa mkono au kwa kusukuma kigari cha mbao, kazi huanza bila ngoma kabisa. Mzazi humwacha atembee anavyoweza na kuhesabu hatua zake kwa saa ya simu kwa dakika moja. Tuseme zimefika 40. Ngoma itapigwa mapigo 40 kwa dakika, pigo moja kwa kila mguu unaokanyaga, hadi mtoto azoee kuukuta mguu wake na pigo pamoja. Baada ya siku kadhaa za kutembea hivyo bila kukwama, mapigo huongezwa kidogo tu, yafike 42 au 44. Akianza kunyata kwa vidole, kuvuka miguu kama mkasi au kukunja ngumi, mwendo umekuwa mkali na urudishwe chini.

Hapa mwambao wa Nyasa una hazina. Mganda ulikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuiga gwaride la askari wa kikoloni, na hatua zake bado zina ule mpangilio wa kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ni vigumu kupata ngoma inayofaa zaidi kufundishia mtoto kutembea, ikipigwa polepole na kwa sauti ya chini. Kijana wa mganda anayejua kushikilia mwendo bila kuuharakisha ana ujuzi ambao wataalamu wa nchi nyingine huutafuta kwa mashine ya kuhesabia mapigo.

Mdundo hauchukui nafasi ya mazoezi ya kawaida, na hili lisisitizwe. Watafiti wa Korea Kusini walipolinganisha kutembea kwa mdundo na mazoezi yanayofanywa kwa mikono ya mtaalamu kwa watu wazima wenye mtindio, kila njia ilisaidia upande wake. Waliotembea kwa mdundo nyonga zao zilikunjuka vizuri zaidi, lakini tabia ya mguu kugeukia ndani haikurekebishika kwa ngoma. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Kwa watu wa Kigonsera na vijiji vya jirani, milango ya kubisha kwanza ni hospitali ya wilaya Mbinga, hospitali ya misheni ya Peramiho, hospitali ya Litembo kwa wakazi wa milimani, ile ya Liuli kwa watu wa ziwani, na hospitali ya rufaa ya mkoa Songea. Maswali ya kuuliza ni machache: nyonga ziko mahali pake? Anasikia masikio yote mawili? Anaona? Ana kifafa? Akae vipi? Mtoto aliyeugua manjano kali utotoni huweza kuwa amepoteza usikivu, na wazazi hudhani ni mkaidi. Mtoto wa namna hiyo bado anaweza kufaidi ngoma kwa kuiegemeza kifuani au kuikalia, akaihisi kwa mwili, ila ni muhimu ijulikane mapema.

Turudi kwenye kiti. Kiti chenye mikono, meza mbele na ubao wa kukanyagia miguu kinaweza kutengenezwa na fundi seremala yeyote akipewa vipimo na mtaalamu. Kwa asiye na hela ya mbao ipo njia iliyoanzia Zimbabwe kwa mwalimu Bevill Packer: maboksi na magazeti yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, yanakaushwa juani, na kinachopatikana ni kiti kigumu cha kumbeba mtoto kwa miaka. Njia hii imesambaa nchi nyingi za Afrika. Masika ya Mbinga ni marefu na karatasi huogopa maji, kwa hiyo kiti kipakwe rangi ya mafuta na kisiachwe uani. Mtoto ambaye hawezi kukaa kabisa hupakatwa, mgongo wake kwenye kifua cha mlezi, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Mkao huo huyalegeza mapaja yaliyokaza na kuiachia mikono.

Vyombo vinapatikana nyumbani. Kopo la plastiki lenye punje za kahawa kavu hutoa mlio laini kuliko mahindi, na mlio laini ndio wa kuanzia, kwa sababu watoto wengi wenye mtindio hushtuka kwa sauti ya ghafla, wakanyoosha mikono na kukakamaa. Kifuniko kifungwe kwa waya na gundi. Mtoto atakitia mdomoni, na punje moja inatosha kuziba koo. Mpini unenepeshwe kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili ngumi isiyokunjuka vizuri iushike. Njuga za kifundo cha mguu zinafaa sana kwa mtoto anayelala muda mwingi: akirusha mguu anasikia jibu lake mwenyewe, na anajifunza kwamba mwili wake unaweza kuleta jambo duniani. Kwa mtoto ambaye mkono mmoja umelemaa, ngoma isogezwe upande huo wa mkono, kwa sababu mkono mzima utaiba kazi yote ikiwekwa katikati.

Sauti ya kuimba ina kazi nyingine tofauti na ngoma. Mlezi akiinua mkono wa mtoto, sauti ipande; akiushusha, sauti ishuke. Akinyoosha msuli wa paja na kuushikilia, aimbe mstari mrefu na wa taratibu, aachie mstari unapokwisha. Mtoto anajua sasa maumivu madogo ya kunyooshwa yana mwisho, na mwisho huo anausikia ukija. Watoto waliokuwa wakilia kila wanapoona mkeka wa mazoezi umetandikwa huweza kutulia kwa sababu hiyo peke yake. Wimbo uwe mmoja kwa tendo moja, siku zote: huu wa kuoga, huu wa kuvaa, huu wa kunyoosha miguu. Bibi anayejua nyimbo za kubembelezea za Kimatengo apewe nafasi ya kwanza. Mtoto ameisikia lugha hiyo tangu tumboni, na hakuna sababu ya kumtafutia nyimbo za Kizungu kwenye simu.

Kisha kuna kunyamaza, na hili ndilo gumu kwa watu wazima. Mlezi anaimba wimbo ambao mtoto anaufahamu, anafika kabla ya neno la mwisho, anasimama. Anangoja. Ubongo ulioumia unahitaji muda kuandaa jibu, wakati mwingine sekunde kumi au zaidi, na katika muda huo wengi hukata tamaa wakajibu wenyewe. Anayevumilia ataona kitu: jicho limegeuka, kidole kimetikisika, au mlio umetoka kooni. Hicho kipokelewe kama neno lililotamkwa, na wimbo uendelee mara moja. Kwa njia hiyohiyo mtoto asiyezungumza anaweza kuchagua. Anaonyeshwa vitu viwili, kijiko cha wimbo wa chakula na kitambaa cha wimbo wa kuoga, na atakachokitazama kwa muda mrefu ndicho kitakachoimbwa. Walimu wa elimu maalumu hutumia vitu na picha hivyo hivyo, kwa hiyo atakapofika shule atakuwa ameanza.

Wakati wa kulisha, pasiwe na wimbo. Aimbiwe kabla, ili ajue chakula kinakuja na mdomo ujiandae. Uji ukishafika kinywani, nyumba itulie. Mtoto anayecheka au kujaribu kuimba huku akimeza hupaliwa, na chakula kikiingia mapafuni mara kwa mara huleta nimonia. Ndugu wadogo waambiwe sababu, wasifukuzwe tu.

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa kikao kimoja, mara mbili au tatu kwa siku. Juni na Julai, baridi ya milimani inapokaza misuli ya watoto hawa zaidi, kikao cha asubuhi kisogezwe hadi jua litoke, au kitanguliwe na maji ya vuguvugu. Miezi hiyo pia ni ya kuchuma kahawa, na mama anayetoka alfajiri hana muda wa kukaa mkekani. Ushauri unaomtaka aache kahawa hautafuatwa, wala haustahili kufuatwa, maana kahawa ndiyo nauli ya kwenda Peramiho. Kinachowezekana ni kumkalisha mtoto kwenye kiti chake karibu na vichanja vya kuanikia, kivulini, na kumpa kopo lake atikise wakati wengine wanageuza kahawa na kuimba. Kwa familia za ziwani ni hivyo hivyo pale usipa unapoanikwa. Baba naye ashirikishwe kwa kazi yenye jina, kwa mfano ile ya kuhesabu hatua na kupiga ngoma jioni; akiambiwa "saidia" tu, mara nyingi atabaki anatazama.

Zipo dalili za kusimamisha kila kitu. Mtoto akikodoa macho, akitafuna hewa au kutetemeka upande mmoja, hiyo inaweza kuwa kifafa na muziki uzimwe. Akilia kila paja linapofunguliwa, au mguu mmoja ukionekana mfupi, nyonga huenda imeanza kuchomoka. Jambo hilo huwapata watoto wengi wasiotembea na linahitaji picha ya eksirei, si wimbo mwingine. Spika za masikioni asivalishwe mtoto asiyeweza kusema kwamba sauti ni kubwa.

Wapo watoto ambao hawatatembea kamwe, na wazazi wao huuliza kama kuna haja ya yote haya. Wataalamu hupanga uwezo wa kutembea na kukaa wa watoto hawa katika madaraja matano, na mtoto wa daraja la tano hata kushikilia kichwa humwia vigumu. Kwake kipimo ni kingine kabisa: amelala bila kushtuka usiku, amegeuza shingo kutafuta sauti ya kaka yake, amekubali kunyooshwa bila kulia, amecheka. Mafanikio hayo hayapungui uzito kwa sababu hayana hatua za kuhesabu. Daftari dogo lenye tarehe, wimbo na alichokifanya litamsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu ya kukumbuka, na litamzuia mzazi asidhani hakuna kilichobadilika.

Mtoto akishazoea nyumbani, atoke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma na kushiriki utamaduni kama wenzake, lakini kanisani na uwanja wa ngoma mlango hufunguliwa na kiongozi wa kwaya au mkuu wa kikundi. Mzazi azungumze naye kabla, mtoto akiwa hayupo, amweleze mambo mahsusi: mtoto atakaa upande wa kayamba na si karibu na ngoma kubwa, mahali tambarare penye kivuli, aingie mazoezini kwanza, watu wakiwa wachache, apewe sehemu moja ya wimbo ambayo ni yake na wote waingoje, na dada yake mmoja akae naye, mwenye ruhusa ya kumtoa nje akichoka bila mtu kugeuza shingo. Wiki za mwanzo dakika kumi za mazoezi ya kwaya zinatosha.